Anwani ya Moshi

Mimi sina subira, na wanaonijua hawana haja ya kuambiwa. Ukisikia watu wa pale hotelini wanasema yule mwanamke wa mapokezi ana mdomo, usibishane nao, mdomo ninao. Lakini siku ninayotaka kuisimulia sikuwa na hasira peke yake. Nilikuwa na woga, woga wa kweli, ule unaokukausha mate mpaka ulimi unagandia kwenye meno.

Nyuma ya kaunta yangu, ukutani, kuna mashine ya kengele ya moto. Ni sanduku jekundu lenye skrini ndogo, vitaa vyake na tundu la ufunguo. Hii si ile kengele ya zamani inayolia jengo zima halafu kila mtu anakimbia huku na huku akiuliza moto uko wapi. Huku kila chumba kina kitambua moshi chake darini, kidude cheupe cha mviringo ambacho fundi wa kengele anakiita kichwa, na kila kichwa kina anwani yake. Kichwa kikinusa moshi, mashine inaniandikia bila kumung'unya maneno: ghorofa fulani, chumba fulani. Na inapiga ving'ora vya ghorofa ile tu, nyingine zinangoja, ili watu wasije wakakanyagana kwenye ngazi. Ukitaka jengo zima lilie, lazima ufunguo ugeuzwe. Ufunguo anao meneja mfukoni.

Ghorofa ya tatu, chumba cha mashuka, ndiko anakofanya kazi mdogo wangu, tumbo moja. Anapiga pasi. Homa ilimpitia akiwa hajaanza hata kutamka maneno, ikaondoka na masikio yake. Marehemu mama alipokuwa anatuaga alinishika mkono akanionyesha kitanda cha pili alikolala mtoto, na mimi nikaelewa. Tangu hapo nimekuwa mdomo wake. Dukani nasema mimi, hospitali nasema mimi, na kijana akileta posa anaanza kwangu, na wengi hawavuki hapo. Yeye hana habari. Ana mikono inayoongea haraka kuliko mimi nilivyo na ulimi, na dharau za kutosha. Jina langu, kwa mikono yake, ni kukunja uso na kujipigapiga kifua. Yaani dada mwenye moyo unaodunda hovyo.

Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Na nilipoipata nilimganda meneja kama kupe mpaka akakubali kuweka taa mle chumba cha mashuka, taa nyekundu inayowaka na kuzimika kila ving'ora vya ghorofa vikilia, maana king'ora kwa mdogo wangu ni kama hakipo. Nilitaka taa kila mahali. Meneja akasema wageni watadhani tumefungua disko. Tukaishia taa moja, hiyo moja, juu ya meza yake ya pasi. Hata hivyo kila nikipata upenyo napanda kumchungulia, naye akiniona mlangoni ananiambia kwa mikono, "Mimi mtu mzima. Shuka ukakae na wageni wako."

Meneja wetu tulimbatiza Bwana Pole, kwa kuwa kila kitu kwake ni polepole na kwa pole nyingi. Si mtu mbaya. Ila anaogopa aibu kuliko anavyoogopa kifo. Ndiye aliyeamua kwamba ghorofa moja ikilia, watu wake wasitolewe nje. Washushwe kwenye sebule ya ghorofa ya kwanza, wakae kwenye makochi, wapewe juisi, wangoje tuhakikishe. Wageni wakisimama barabarani na mataulo viunoni, alisema, tutakuwa kichekesho cha mtaa. Sote tukakubali. Kengele zote zilizopita zilikuwa za uongo, mara mvuke wa bafuni, mara mgeni na sigara yake, na juisi ya sebuleni ilikuwa baridi. Watu wakazoea.

Sasa wiki ile wapaka rangi walikuwa wamemaliza kazi. Walipaka dari zote za ghorofa ya tatu, halafu wakamalizia sebule na kistoo cha viti kilichomo humohumo ndani, kando ya mlango. Jengo likawa linanuka rangi mpaka chakula kikakosa ladha.

Mchana, wageni wa kuondoka asubuhi wameshaondoka na wapya hawajafika, nilikuwa napanga funguo kwenye ndoano. Mashine ikalia mgongoni mwangu. Nikageuka bila haraka, nikijisemea ni wale wale. Nikasoma skrini.

MOTO. GHOROFA YA TATU. CHUMBA CHA MASHUKA.

Sikumbuki nilivyoshika redio ya upepo, ile ya kuongea na mlinzi. Nakumbuka nilibonyeza kwanza kitufe kisicho chake. Sheria inasema mtu wa mapokezi haachi mashine, mlinzi ndiye anayekwenda kuangalia. Nilimpata mlinzi ngazi ya nyuma.

"Panda juu! Chumba cha mashuka! Mdogo wangu yuko mle!"

"Napanda, dada."

"Hupandi, unatembea! Nakusikia unatembea!"

Yule mlinzi ni mtu mkubwa, na nilikuwa namsikia akihema kwenye redio kila ngazi. Kichwani kwangu pasi zilishaanguka, mashuka yameshashika, mlango umegoma kufunguka. Niliona kila kitu. Nikamwona mdogo wangu amegeukia ukuta, hana habari, moto uko mgongoni. Halafu nikakumbuka taa. Taa ipo, ataiona. Je, kama imeungua? Nani aliijaribu mara ya mwisho? Jamani, nilikuwa nakufa nimesimama.

"Dada, nimefika."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa. Taa yake inawaka, pasi ameshazima, begi liko begani, anakuulizia wewe kwa kukunja uso. Hakuna moto."

"Angalia tena."

"Dada, hakuna hata mvuke. Korido safi, vyumba safi."

Nikakaa chini kwenye kiti, nikacheka na kulia kwa pamoja kama mwehu. Nikamwambia washushe watu wote sebuleni kama kawaida, na mdogo wangu naye ashuke nao, akae huko apumzike, apewe juisi. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Mlinzi akawashusha, akawafungulia sebule, akapanda tena kukagua vyumba kimoja kimoja.

Bwana Pole akaja anakokota viatu. "Pole sana. Basi zima hicho kidude, polepole, kabla hawa wa mkutano wa ghorofa ya pili hawajaanza kuuliza."

Nikanyamazisha ving'ora, nikabonyeza cha kuirudisha mashine kwenye hali yake. Ikatulia. Hata mkono sijaushusha, ikalia tena. Ghorofa ya tatu, chumba cha mashuka. Nikabonyeza. Ikarudi. Kwenye kamera ya korido nilikuwa naona mlango wa chumba cha mashuka uko wazi, na ndani taa nyekundu inawaka na kuzima, haina mtu wa kumwonyesha.

Kidude kinaweza kukosea mara moja. Hiki kilikuwa kinang'ang'ania kama mtoto anayekuvuta gauni. Nikampigia fundi wa kengele.

"Dada mkubwa! Leo umeota nini?"

"Usinitanie, sina hali. Mashine inasema mashuka, mashuka hakuna kitu. Nikiirudisha, inalia tena palepale."

"Mtu ameingia akaona kwa macho?"

"Ameingia, ameona, hakuna."

"Kuna mtu amegusa vile vichwa vya darini? Amesafisha, amebadilisha, amepaka..."

"Wapaka rangi," nikasema.

"Walivifungua?"

Hapo ndipo ndoo moja iliponirudia akilini. Nilikuwa nimepita kwenye ngazi siku za katikati ya wiki, nikaikuta imewekwa chini ya ngazi ya mpaka rangi, imejaa vile vidude vyeupe, vyote pamoja kama viazi vya kumenya. Nilifikiri, afadhali, hawa wana akili, hawataki kuvichafua. Hata nilimsifu yule kijana.

"Walivitia kwenye ndoo," nikamwambia fundi. "Vyote. Ndoo moja."

"Mungu wangu." Sauti yake ikabadilika kabisa. "Nisikilize vizuri. Anwani haikai darini, inakaa ndani ya kichwa. Ukikihamisha kichwa, kinahama na anwani yake. Hicho kinachokulilia ni kichwa cha chumba cha mashuka, lakini hakiko chumba cha mashuka."

"Kiko wapi?"

"Popote walipopaka. Na popote kilipo, hapo ndipo penye moshi. Walipaka wapi?"

"Ghorofa ya tatu. Mlinzi yuko huko, kote safi." Nikaitazama ngazi. "Na sebule ya ghorofa ya kwanza."

"Sebuleni kuna watu?"

Nikainua macho darini.

"Dada! Toa watu. Jengo zima. Vitufe vya mkono vya ukutani, vile vya kuvunja kioo, hawakuvihamisha, hivyo bado vinasema kweli. Lakini vichwa usiamini hata kimoja. Mimi nakuja."

Nikapiga simu ya sebuleni. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ile simu imekaa juu ya kimeza katikati ya makochi, inalia karibu na mtu asiyeweza kuisikia, na wanaosikia ni wageni, na mgeni gani anapokea simu ya hoteli? Nikamwita mlinzi, akajibu kwa kuhema kwamba yuko mwisho kabisa wa ghorofa ya tatu. Nikamwambia ashuke sebuleni, haraka. Akasema haya. Nilijua haraka yake.

Fikiria sasa. Ghorofa ya tatu ilikuwa inalia, na haina mtu. Sebule iliyokuwa na watu ilikuwa kimya, maana mashine haikuwa na habari nayo. Na taa ile moja niliyoihangaikia, taa ya mdogo wangu, ilikuwa inamwakia kwenye chumba nilichomtoa mimi mwenyewe.

"Nipe ufunguo," nikamwambia Bwana Pole.

"Ufunguo wa nini?"

"Jengo zima litoke. Moto uko sebuleni."

Akanitazama, akaitazama skrini. "Imeandikwa mashuka."

"Mashine inadanganya! Vichwa vimechanganywa!"

"Basi kama inadanganya," akasema, kwa upole wake ule, "si ina maana hakuna moto?"

Lo! Ukiisikiliza kwa haraka, ina akili. Nikajaribu kumweleza ndoo, anwani, wapaka rangi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu aliyepagawa. Akaniambia pole. Akasema juu pale kuna wageni wa maana, tumeshatisha watu mara moja leo kwa mashuka yasiyoungua, hatuwezi kuwatisha mara ya pili kwa sebule ambayo hata mashine haijaitaja. Tumngoje fundi. Tumngoje mlinzi. Polepole.

"Mdogo wangu yuko mle! Hasikii!"

"Yuko na watu. Wataona moshi, watamwambia."

"Watamwambia kwa lugha gani?"

Akanyoosha mikono kunituliza. Nikainua kile kibao cha kaunta nipite. Akasimama mbele yangu, akasema nikiacha mashine wakati inalia, yeye hatakuwa na la kufanya, itabidi nitafute kazi kwingine. Nikamwambia kazi yake aitie mfukoni pamoja na ufunguo wake, vitatosheana. Nilikuwa nimeshamsukuma bega.

Mashine ikalia. Mlio mwingine, mkali zaidi. Tukageuka wote wawili.

Kulikuwa na mstari wa pili kwenye skrini.

KITUFE CHA MKONO. GHOROFA YA KWANZA. SEBULE.

Juu yetu ving'ora vya ghorofa ya kwanza vikaanza kulia. Hakikuwa kichwa kile. Ilikuwa ni mtu, kwa kidole chake, amevunja kioo mle ndani. Bwana Pole alikuwa ameshatoa ufunguo, tundu akalikosa, akalikosa tena. Nikaushika mkono wake, tukaugeuza pamoja. Jengo zima likapiga kelele.

Mimi nilikuwa nimeshafika ngazini. Nilipishana na watu wa mkutano wanashuka na makaratasi yao. Nilipofika ghorofa ya kwanza moshi ulikuwa umeshatoka mlango wa sebule, mweusi, unanuka godoro. Kwenye kistoo cha viti betri ya mashine ya kufagilia ilikuwa inachajiwa, na wapaka rangi walikuwa wamezirundika juu yake foronya na mito ya makochi ili wapate nafasi. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichokiona ni mzee mmoja, mgeni, anatoka ameinama, glasi ya juisi bado mkononi.

"Yuko wapi msichana wa hoteli?"

"Yule bubu?" Akakohoa. "Alikuwa anatuvuta mikono, anatushika pua zetu, tukadhani ana wazimu. Nilimwambia kaa mama, kunywa juisi. Akafungua ule mlango wa stoo, lo, moshi! Akaufunga, akavunja kile kioo. Bado yuko ndani, kamrudia yule mama mwenye mguu mbovu."

Siku nyingine mtu akimwita mdogo wangu bubu nampa vidonge vyake mpaka asahau kwao. Siku hiyo nilimruka nikaingia.

Ndani hapaonekani. Macho yanawaka. Nikagonga kochi, nikagonga meza, ile simu ikaanguka. Nikaanza kumwita. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti yangu yote, nikaita tena na tena. Namwita kiziwi, gizani, kwa mdomo. Nilijua, na bado sikuweza kunyamaza, maana sikuwa na kingine. Mikono yangu ndiyo lugha yake, na kwenye moshi ule mikono yangu hata mimi sikuiona. Nikajua nimempoteza. Nikajua kwa uhakika, kama unavyojua jina lako, na nikapiga magoti chini.

Mkono ukanishika kifundo cha mguu. Ukanivuta kwa nguvu, kwa hasira kabisa. Alikuwa anatambaa, foronya iliyoloa juisi usoni, na nyuma yake anamburuta yule mama kwa kanzu. Tukatoka watatu hivyo, chini chini, mpaka tukagongana na mlinzi mlangoni, akiwa na mtungi wa kuzimia moto na pumzi zake zote zimekwisha. Akatupita akaingia, na sijawahi kumcheka tena.

Barabarani watu walikuwa wamejaa. Wengine na mataulo kweli, mmoja na povu la sabuni kichwani, na hakuna aliyecheka. Zimamoto walifika wakamalizia. Bwana Pole alikuwa anapita kwa kila mgeni akimhesabu kwa kumgusa bega, machozi yanamtoka, na hakusema pole hata kwa mmoja.

Mdogo wangu aliketi ukingoni mwa barabara. Kidole gumba kilikuwa kimechanwa na kile kioo, damu imekauka mpaka kiganjani. Nikachuchumaa mbele yake, na badala ya kumkumbatia nikaanza kumgombeza, ndivyo nilivyoumbwa. Kwa nini hukutoka kwanza? Mlango ulikuwa pale, kwa nini hukutoka?

Akaningoja nimalize. Kisha akainua mikono, ile yenye damu na ile isiyo na damu.

"Walikuwa hawanielewi," akasema. "Nilijua wewe uko kwenye mashine."

Akasita, akanitazama usoni, kwa aibu fulani ambayo sijawahi kuiona kwake. Akauliza, "Ulinisikia?"

Miaka yote hiyo tumeishi, hajawahi kuniuliza swali hilo, wala mtu mwingine yeyote. Nikataka kumjibu kwa mikono, lakini yangu ilikuwa imeshaushika ule wake wenye damu. Basi nikamjibu kwa mdomo.

"Nilikusikia."

Macho yake yalikuwa yamevimba kwa moshi, hakuweza kuisoma vizuri midomo yangu. Akanishika kidevu kwa vidole vyake, akanigeuzia kwenye mwanga, akaniashiria nirudie, polepole.

Nikarudia.